Nani Amwajiri Kocha wa Voliboli ya Wanawake Vyuoni Voi?

Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi waliingia gredi ya 10, na mbele yao wakakuta mikondo mitatu: ya sayansi na teknolojia, ya sayansi za jamii, na ya sanaa na sayansi ya michezo. Huo wa tatu ndio uliozua maswali mengi nyumbani. Mzazi wa Voi ambaye binti yake ni hodari wa voliboli huambiwa asiwe na hofu, kwamba binti asipofika kwenye klabu kubwa basi atakuwa kocha. Jibu hilo hutolewa haraka mno. Kocha wa timu gani? Ameajiriwa na nani, kwa barua ipi, na mshahara wake unatoka kwenye kasma gani?

Uchambuzi huu unaishika ngazi moja tu ya kazi hiyo: kocha mkuu wa timu ya wanawake ya chuo. Ngazi hii ndiyo inayopaswa kuunganisha shule za sekondari na klabu kubwa. Tena si jambo la mbali kwa mkazi wa Kaloleni, wadi inayobeba sehemu ya mji wa Voi. Kaunti yake, Taita Taveta, ina Chuo Kikuu cha Taita Taveta, kilichopata hati yake ya kujitegemea mwaka 2016, na Voi ina chuo cha ufundi ambacho kwa miaka mingi kimejulikana kama Coast Institute of Technology. Wasichana wanaocheza wapo na viwanja vipo. Kinachobishaniwa ni nani awafundishe, na kwa masharti gani.

Watu watatu, jina moja

Mkanganyiko wa kwanza unahusu vyeo. Mlezi wa timu, ambaye wanafunzi humwita patroni, ni mhadhiri au mfanyakazi wa utawala. Yeye hutia sahihi barua za ruhusa, husafiri na timu, na huhakikisha wasichana wamekula na wamelala mahali salama. Ofisa wa michezo ni mwajiriwa anayesimamia michezo yote ya chuo, kuanzia kandanda hadi vishale. Kocha mkuu ni mtu wa tatu. Ndiye anayechagua nani aanze na nani akae benchi, anayepanga mazoezi ya wiki, anayemfundisha seta kumsoma mzuiaji wa upande wa pili kabla mpira haujamfikia mkononi, na anayejua ni lini aombe mapumziko seti ikiwa 22 kwa 23.

Katika vyuo vingi nchini majukumu haya matatu humwangukia mtu mmoja au wawili, na la kocha ndilo linalopata saa chache zaidi. Ndiyo maana msichana anayesema anataka kuwa kocha wa chuo hukuta nafasi inayotangazwa ni ya ofisa wa michezo, ambayo kwa kawaida hudai shahada. Cheti cha ukocha huwa ni nyongeza tu. Amejiandaa kwa kazi moja, na inayotangazwa ni nyingine.

Mkanganyiko wa pili unahusu mamlaka. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linaiachia serikali ya kitaifa vyuo vikuu na ukuzaji wa michezo na elimu ya michezo, huku kaunti zikipewa shughuli na vifaa vya michezo. Kwa hiyo uwanja anaofanyia mazoezi mwanafunzi unaweza kuwa wa kaunti, chuo chake kikawa cha taifa, na shirikisho linalotambua cheti cha kocha wake likawa chombo kingine kabisa. Sheria ya Michezo ya 2013 iliunda Sports Kenya, Kenya Academy of Sports na ofisi ya Msajili wa Michezo, lakini haimlazimishi mkuu wa chuo yeyote kuwa na kocha aliyesomea.

Ongeza kalenda. Michezo ya vyuo vikuu iko chini ya chama chao, KUSA. Vyuo vya ufundi vina chama chao, KATTI. Ligi ya taifa iko chini ya Shirikisho la Voliboli Kenya, KVF. Timu mbili za wanawake za mji mmoja zinaweza kupitisha mwaka mzima kila moja ikisafiri mbali kutafuta mechi, na zenyewe zisikutane hata mara moja katika mashindano rasmi. Kocha anayetaka mechi nyingi, na kocha yeyote makini huzitaka, anakuta hazipo si kwa kukosa wapinzani bali kwa jinsi vyama vilivyogawana vyuo.

Timu zilipo na zisipokuwapo

Kenya si mgeni katika mchezo huu. Timu ya taifa ya wanawake, Malkia Strikers, walicheza Olimpiki za 2000, 2004, za Tokyo zilizofanyika 2021, na za Paris 2024. Taji lao la 10 la Afrika walilichukua Yaoundé mwaka 2023. Mwaka 2018, kule Japani, waliifunga Kazakhstan seti 3 kwa 0 na kupata ushindi wao wa kwanza katika Mashindano ya Ubingwa wa Dunia. Nchi yenye rekodi ya namna hii ingetarajiwa kuwa na makocha wa kike na wa kiume wakifanya kazi katika kila mkoa wa zamani.

Haikuwa hivyo, na sababu yake inaeleweka. Voliboli ya wanawake ilikua nchini kwa sababu mashirika ya umma na benki yaliajiri wachezaji: Kenya Pipeline, Magereza, KCB, na baadaye Idara ya Upelelezi wa Jinai, DCI. Mchezaji hupata kazi, mshahara wa mwezi na mara nyingi pensheni, kisha anacheza. Mfumo huu umewalinda wanawake wengi, na anayeubeza ajibu kwanza ni nini kingewalisha wachezaji hao. Udhaifu wake ni kwamba timu hufuata makao makuu, na makao makuu yako Nairobi.

Taita Taveta inauonyesha udhaifu huo waziwazi. Bomba la mafuta la Kenya Pipeline linakatiza kaunti hii likitoka Changamwe, na kuna kituo cha kusukumia mafuta Maungu, kwenye barabara ya kutoka Voi kwenda Mombasa. Magereza nao wana gereza kubwa la Manyani, upande wa pili wa mji kwa barabara ya Nairobi. Mashirika mawili yaliyolea wachezaji wengi wa Malkia yana mitambo, magari na wafanyakazi ndani ya kaunti. Timu zao za wanawake haziko hapa. Msichana wa Kaloleni anayetaka kuchezea mojawapo lazima aonekane kwanza na mtu wa Nairobi, takriban kilomita 330 kutoka kwao, na wa kumwonyesha angekuwa kocha wa chuo.

Kuna pia suala la uwanja. Mechi za ngazi za juu huchezwa ndani ya ukumbi, kwenye sakafu laini isiyo na upepo wala jua la kuumiza macho. Sehemu kubwa ya mazoezi ya vyuo vya Pwani na bara yake hufanyika nje, kwenye udongo. Upepo wa Voi unapovuma alasiri, mpira wa juu wa seta hauanguki alipokusudia, basi wachezaji hujizoesha mipira mifupi na ya chini. Wakifika kwenye ukumbi hukuta mchezo tofauti. Kocha aliyesomea anajua namna ya kufidia pengo hilo: mazoezi ya asubuhi na mapema upepo ukiwa umetulia, mazoezi ya kupokea huduma kali, mazoezi ya ukuta. Patroni mwenye nia njema hawezi kulijua kwa nia njema peke yake.

Ngazi iliyokatika

Ukitazama maisha ya kazi ya makocha wanaojulikana nchini utaona jinsi chuo kilivyo nje ya safari yao. David Lung'aho alijijengea jina na timu ya wanawake ya Magereza, walipotawala klabu za Afrika mwanzoni mwa miaka ya 2010, na akaifundisha timu ya taifa. Japheth Munala alipitia Pipeline, akaipa KCB ubingwa wa klabu za Afrika mwaka 2022, kisha akawa kocha wa Malkia walipotwaa taji la 2023 na walipokwenda Paris. Paul Bitok alifanya sehemu kubwa ya kazi yake Rwanda kabla ya kurudi nyumbani, na yeye ndiye aliyekuwa usukani Malkia walipofuzu Januari 2020 kwenda Tokyo. Michezo yenyewe ilipofika, Mbrazili Luizomar de Moura ndiye aliyekuwa kocha mkuu, kupitia mpango wa msaada wa Shirikisho la Voliboli Duniani, FIVB.

Kisa hicho cha Tokyo kilizua mjadala, na pande zote mbili zina hoja. Timu ilipata ujuzi wa nchi iliyobobea, bila kuigharimu Kenya mshahara wa kocha wa kiwango hicho. Kwa upande mwingine, kocha wa Kenya anaona kwamba hata akiifikisha timu mlangoni, huenda asiwe yeye wa kuiingiza ndani. Anayeanza leo anahitaji kulijua hili, kwa kuwa kilele cha kazi hii nchini ni chembamba: timu ya taifa ni moja na klabu zenye uwezo zinahesabika kwa vidole.

Katikati ya ngazi ndiko kungekuwa na nafasi nyingi. Kenya ina makumi ya vyuo vikuu na mamia ya vyuo vya ufundi na vya ualimu. Lau robo ya vyuo hivyo ingekuwa na kocha wa kweli wa timu ya wanawake, mchezaji anayestaafu akiwa na miaka 30 angekuwa na pa kwenda. Shule za sekondari zimefaulu katika hili kwa njia zake: Kwanthanze ya Machakos imekuwa jina kubwa Afrika Mashariki kwa sababu walimu wake wamebaki na mchezo huo mwaka baada ya mwaka, na mwalimu ana namba ya Tume ya Huduma za Walimu, TSC, ana mshahara, ana kazi ya kudumu inayombeba. Msichana akitoka pale huchukuliwa na klabu au huingia chuo. Akiingia chuo, mara nyingi anakuwa na ujuzi kuliko anayemsimamia, na huo ndio mwanzo wa kuuacha mchezo.

Hoja ya kumtumia mfanyakazi wa chuo

Msimamo wa kwanza, na ndio unaotumika zaidi, unasema kocha awe mhadhiri, mkufunzi au ofisa ambaye tayari yuko kwenye orodha ya mishahara. Wanaoutetea wana sababu nzito. Vyuo vya umma vina madeni, na mfumo mpya wa ufadhili ulioanza 2023 haujayaondoa. Kuomba nafasi mpya ya ajira kwa ajili ya voliboli, huku idara ya ufundi ikikosa vifaa vya karakana, ni kuomba kukataliwa. Mfanyakazi wa ndani pia anaijua ratiba ya mitihani, anawajua wazazi, anaweza kumfuata mwanafunzi aliyeanza kukosa madarasa. Na anawajibika: akifanya kosa, chuo kina faili lake.

Jambo hilo la mwisho halipaswi kupitwa haraka. Baada ya kifo cha mwanariadha Agnes Tirop mnamo Oktoba 2021, serikali iliunda kamati ya ustawi na usawa wa kijinsia katika michezo chini ya Catherine Ndereba, na kazi yake ilileta hadharani dhuluma wanazopitia wanawake mikononi mwa watu wanaopaswa kuwalinda. Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006, kifungu cha 24, inawagusa moja kwa moja walimu na wafanyakazi wa taasisi za elimu wanaotumia vibaya nafasi zao. Kocha mwenye mkataba na chuo anajulikana ni wa nani. Kocha wa kujitolea anayekuja jioni na kuondoka usiku, asiye na barua wala faili, ni vigumu zaidi kumwajibisha, na mzazi ana haki ya kulitia jambo hilo maanani.

Udhaifu wa msimamo huu ni wakati na maarifa. Mkufunzi mwenye vipindi hadi saa kumi na moja jioni hawezi kuandaa mazoezi. Akihamishwa au akipandishwa cheo, timu inaanza upya. Na kwa kuwa ukocha si kazi iliyoandikwa kwenye barua yake, hana sababu ya kutumia fedha zake kwenda kozi ya FIVB ya daraja la kwanza, ambayo aghalabu hufanyika Nairobi. Timu inapata mlezi mzuri na kocha nusu.

Hoja ya kocha wa posho

Msimamo wa pili unapendwa na wachezaji wa zamani: chuo kimlete mtu wa nje mwenye ujuzi, kimlipe posho kwa kikao au kwa mashindano. Gharama ni ndogo na ujuzi unapatikana mara moja.

Matokeo yake huonekana kwenye mashindano na kufifia baada yake. Kocha wa posho huitwa wiki mbili kabla ya michezo, hupewa wachezaji ambao hajawachagua, na hulipwa baadaye, pengine baada ya miezi. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 37, inasema kibarua anayefanya kazi mfululizo kwa mwezi mzima huhesabiwa kuwa na mkataba wenye haki zake. Nadhani hiyo ni sababu mojawapo ya vikao kukatwakatwa. Hapo mtu hajengi maisha. Wanawake waliostaafu kucheza, wengi wao wakiwa na watoto wa kulea, ndio wa kwanza kuiacha kazi ya aina hii, maana posho isiyotabirika hailipi mtu wa kubaki na mtoto jioni.

Hoja ya kocha wa kudumu

Msimamo wa tatu unatazama Marekani. Huko kocha mkuu wa voliboli ya wanawake chuoni ni taaluma kamili yenye ngazi zinazoonekana. John Cook aliifundisha timu ya Chuo Kikuu cha Nebraska tangu 2000 hadi alipostaafu Januari 2025, akiwa na mataji manne ya taifa. Nafasi yake ikachukuliwa na Dani Busboom Kelly, aliyekuwa mchezaji wake, kisha msaidizi wake, kisha kocha mkuu wa Louisville. Agosti 30, 2023, mechi ya timu hiyo ya Nebraska ilichezwa uwanjani mbele ya watazamaji 92,003. Mchezaji wa miaka 19 wa kule anaweza kuitaja njia nzima hadi kwenye kiti cha kocha mkuu, na akataja majina ya walioipita.

Msingi wa haya yote ni sheria ya mwaka 1972 iliyokataza ubaguzi wa kijinsia katika elimu inayofadhiliwa na serikali kuu. Vyuo vililazimika kuwapa wanawake michezo, na fedha za mpira wa miguu wa Kimarekani na za televisheni zikaubeba mzigo. Hapo ndipo ulinganisho na Voi unapofika mwisho. Hakuna chuo cha Kenya chenye mapato ya aina hiyo, na kumwahidi msichana wa Taita kazi ya namna ya Nebraska ni kumdanganya.

Hata hivyo kuna somo la Marekani ambalo wanaoutetea mfano huo hawalisemi, nalo ndilo lenye uzito zaidi kwetu. Mwaka 1972 zaidi ya asilimia 90 ya timu za wanawake vyuoni zilifundishwa na wanawake. Fedha zilipoingia na kazi ikawa na mshahara na heshima, wanaume waliitaka, na kufikia 2014 wanawake walikuwa wamebaki takriban asilimia 43. Mashindano ya taifa ya daraja la juu ya voliboli ya wanawake ya NCAA, chama cha michezo ya vyuo vya Marekani, yalianza 1981. Mwanamke wa kwanza kuyashinda akiwa kocha mkuu ni Katie Schumacher-Cawley wa Penn State, Desemba 2024, akiwa katikati ya matibabu ya saratani. Ni miaka 43 ya kungoja, katika nchi yenye nafasi nyingi kuliko zote.

Mwanamke kwenye benchi

Kwa hiyo swali la jinsia si pambo la mwisho wa hoja. Katika Olimpiki zote nne za Malkia Strikers kocha mkuu alikuwa mwanamume. Wanawake wamefika benchi kwa kazi nyingine: Janet Wanja, seta wa Athens 2004, alikwenda Paris 2024 kama mkufunzi wa viungo wa timu, miezi michache kabla hajafariki Desemba mwaka huo. Kizazi chake kilikuwa na maarifa ya kutosha kuongoza timu za vyuo kote nchini. Maarifa hayo hayakuwekewa nafasi.

Wako wanaosema jinsia isiwe kigezo, ujuzi uwe wa kwanza. Hoja hiyo ina ukweli: Malkia wamefundishwa vyema na wanaume, na hakuna msichana anayenufaika na kocha asiyeijua kazi kwa sababu tu ni mwanamke. Wengine wanasema timu ya wasichana wanaolala hosteli na kusafiri usiku iongozwe na mwanamke bila mjadala, kwa usalama na kwa mambo ya mwili ambayo mchezaji wa miaka 18 hatamweleza mwanamume. Nao wana ukweli, ingawa usalama haupatikani kwa jinsia peke yake bila kanuni na mahali pa kulalamikia.

Nikizipima hoja hizi mbili naona zinazungumzia nyakati tofauti. Ya kwanza inahusu leo, waliosomea wakiwa wachache na wengi wao wanaume. Ya pili inahusu kinachopaswa kuwepo baada ya miaka sita. Njia inayoziunganisha ni nafasi ya kocha msaidizi yenye malipo, itengwe kwa mwanamke, na ndani yake kuwe na gharama ya kozi ya daraja la kwanza na la pili. Bila nafasi hiyo, siku chuo kitakapopata fedha za kocha wa kudumu tutarudia yale ya Marekani: mshahara utakuja na wanawake wataondoka.

Kinachofaa Voi

Kila msimamo, ukisimama peke yake, unashindwa hapa. Mfanyakazi wa chuo hana saa. Kocha wa posho hana kesho. Kocha wa kudumu wa chuo kimoja hana wa kumlipa. Lakini Voi ina kitu ambacho miji mikubwa haina: vyuo vyake viko karibu kiasi kwamba kocha mmoja anaweza kuvihudumia vyote kwa wiki moja bila kulala njiani.

Pendekezo ninaloliona kuwa na nguvu zaidi ni kocha mkuu mmoja wa wanawake, wa mkataba wa miaka mitatu, anayeajiriwa na kaunti kupitia bodi yake ya utumishi na kupangiwa kazi katika vyuo kwa makubaliano ya maandishi. Kaunti inayo mamlaka ya kikatiba juu ya shughuli za michezo. Vyuo vichangie usafiri, mipira na nafasi ya msaidizi wa kike. Mlezi wa timu abaki na kazi yake ya ulezi, awe pia ndiye anayepokea malalamiko, ili kocha asiwe hakimu wa kesi zake mwenyewe. Vihiga imewahi kuwa na timu ya wanawake ya kaunti katika ligi ya taifa, kwa hiyo kaunti kulipia voliboli ya wanawake si jambo geni Kenya.

Gharama yake nayo isifichwe. Kocha wa kaunti yuko karibu na siasa, na uchaguzi mkuu ni Agosti 2027. Mkataba ukiandikwa kwa jina la gavana badala ya cheo utaanguka naye. Kocha wa vyuo viwili pia atalaumiwa na vyote viwili kwa kupendelea kimoja. Na wanafunzi wataendelea kuondoka kwa mafunzo ya viwandani katikati ya msimu, jambo ambalo hakuna kocha awezaye kulizuia, ila anaweza kulipangia akipewa ratiba mapema.

Kipimo cha kazi yake kiwe tofauti na kilichozoeleka. Kombe lije mwisho. Kwanza ihesabiwe ni wasichana wangapi walioanza mwaka wa kwanza wakicheza na wakahitimu bado wanacheza, wangapi wamepata cheti cha ukocha au cha uamuzi wakiwa chuoni, wangapi wamechukuliwa na klabu, na ni shule ngapi za kaunti, tuseme Bura Girls na Murray Girls, zinazopata msaada wa mafunzo kutoka kwao. Kocha anayepimwa kwa kombe tu atatafuta wachezaji waliokwisha kuiva kutoka mbali na kuwaacha wa Sagalla, Kasigau na Mbololo wakitazama kutoka pembeni.

Nafasi hiyo itahitaji fedha za kaunti. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma inataka makadirio ya bajeti ya kaunti yafike katika bunge la kaunti kufikia Aprili 30, na kabla ya hapo wananchi wasikilizwe. Wakazi wa Kaloleni wenye mabinti wanaocheza waende kwenye vikao hivyo na ombi moja lililoandikwa: nafasi ya kocha mkuu wa voliboli ya wanawake na msaidizi wake, itajwe kwa cheo, ipewe kasma yake, na itangazwe hadharani ili kila mwenye cheti aiombe.